Bumbire ya Aprili, Bumbire ya Agosti

Kinachonilisha ni majina ya mitumbwi. Wavuvi wa visiwa vya Goziba, Kerebe na Bumbire wakileta mbao Bukoba kuunda chombo kipya, hunitafuta niandike ubavuni jina la mama, la timu, au neno la kumchokoza jirani. Kazi ya pili, yenye fedha zaidi ila yenye maneno mengi, ni kunakili kwa mkono picha za zamani za vyombo vya ziwani, za enzi za wapelelezi wa Kizungu na za ukoloni uliowafuata. Wenye hoteli huzipenda. Wahaya wanaorudi likizo ya Desemba nao huzipenda, na hao hawaombi kupunguziwa sana.

Wengine hutaka meli: Winifred, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza ikaanza kazi ziwani mwanzoni mwa karne ya ishirini, au zile zilizobeba askari wa Kiingereza kutoka Kisumu kuja kuishambulia Bukoba ya Wajerumani tarehe 22 na 23 Juni 1915 na kuuangusha mnara wa simu ya upepo. MV Victoria huombwa na kila aliyewahi kulala sakafuni mwake kwenda Mwanza. MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996, siitundiki dukani. Anayeitaka huja mwenyewe, tukaongea.

Lakini inayoagizwa kupita zote ni ya Bumbire. Imo katika kitabu cha Henry Morton Stanley, Through the Dark Continent, kilichotoka London mwaka 1878. Boti imeburutwa hadi nchi kavu, umati wenye silaha umeizingira, Mzungu amesimama ndani yake. Boti hiyo ni Lady Alice, futi 40, iliyoundwa Teddington kando ya mto Thames na fundi James Messenger. Iliundwa kwa vipande ili ibebeke. Wapagazi waliondoka nayo Bagamoyo Novemba 1874, na Machi iliyofuata ikashushwa majini upande wa Mwanza. Ninapoinakili huwa naweka mistari ya maungio, maana bila hayo mtazamaji anadhani ilifika Lweru, yaani Ziwa Victoria, kwa kuelea.

Mchoro wa aina hiyo hauna rangi hata chembe. Fundi wa London alichonga ubao mgumu, akaacha mistari iliyoinuka, ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Kivuli ni mistari iliyobanana, mwanga ni karatasi tupu. Mimi nawamba marekani kwenye fremu, naipaka gundi ya mbao kisha rangi nyeupe ya maji, na ikikauka nachora miraba kwa penseli. Mraba wa sentimita moja kwenye karatasi unakuwa wa sentimita kumi kwenye kitambaa. Hadi hapo ni hesabu tu, hata mtoto wa darasa la sita anaweza.

Ugumu unaanza na rangi, kwa sababu hakuna cha kunakili. Stanley alifika asubuhi, tarehe 28 Aprili 1875, mwezi wa masika. Kwa hiyo maji yangu ni ya kijivu kinachokaribia fedha, wala si bluu ya kadi za posta. Mwenye hoteli mmoja alinirudishia kazi akidai ziwa limechafuka. Nilimwuliza kama amewahi kuvuka kwenda visiwani mwezi wa nne. Hajawahi.

Niliivusha nakala moja hadi Bumbire, wilayani Muleba, kabla ya kumpelekea aliyeiagiza. Wavuvi hawakujali Mzungu. Walitaka kujua alitokaje, maana Stanley mwenyewe aliandika kwamba makasia yake yalichukuliwa. Nikawaeleza kuwa watu wake waliisukuma boti majini kwa nguvu zote, wakang'oa mbao za sakafuni na kupigia makasia. Wakatikisa kichwa kukubali. Ndivyo wangefanya wao. Mzee mmoja, niliyekwisha kumpa shikamoo yake, akauliza swali lililonibana.

"Tata, na aliporudi umechora wapi?"

Alirudi kweli. Tarehe 4 Agosti mwaka uleule alikuja na mitumbwi 18 na watu wapatao 280, akaipanga mbele ya ufuko, mbali na mikuki na mishale, akaamuru bunduki zifyatuliwe kwa watu waliokuwa nchi kavu. Kwa hesabu yake mwenyewe waliokufa ni makumi. Barua zake zilipochapishwa magazetini mwaka 1876, hata Uingereza walikuwapo waliokasirika. Tena mkuu wa Bumbire alikuwa tayari mateka wake, aliyekamatwa kwa msaada wa watu wa kisiwa jirani cha Iroba. Picha inayotundikwa hotelini inakomea Aprili. Anayekunywa chai chini yake anamwona mgeni aliyezingirwa, basi.

Tangu siku hiyo nachora mbili kwa vipimo vilevile. Ya kwanza ni nakala. Ya pili sina pa kuinakili, naipanga kwa kufuata maelezo ya Stanley, na jambo la kuamua lilikuwa moja: mtazamaji asimame wapi? Nimemsimamisha ufukoni, miongoni mwa watu. Kwa hiyo mitumbwi inaonekana midogo, imepangwa mstari, na moshi mweupe wa baruti umekaa juu ya maji. Lady Alice nayo imo, ndogo kuliko kidole, na maungio yake hayaonekani kwa umbali ule.

Bei ni ya zote mbili. Wapo wanaotaka ile ya kwanza peke yake kwa fedha ileile, na wananiona mkaidi. Mwalimu mmoja wa Muleba amezichukua zote kwa mafungu, limebaki fungu moja, na ameniambia ya Agosti ataitundika mkabala na mlango.