Kutu Huanza Pale Kinga Inapokatika

Mkulima wa kahawa wa Karambi, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, amezungukwa na chuma: jembe, panga, mabati ya paa, baiskeli ya kushushia mzigo hadi soko la Mpondwe. Vyote amevipata kwa jasho, na vyote vina adui mmoja. Wengi hudhani kutu ni uzee wa chuma, jambo lisilozuilika. Sivyo. Kutu ni badiliko la kikemia lenye masharti yake, na sharti moja likikosekana halitokei.

Masharti hayo ni mawili: maji na oksijeni. Chuma kikavu kabisa hakishiki kutu. Kadhalika kilichozama katika maji yasiyo na hewa. Lakini tone la maji likitua juu ya chuma, sehemu moja ya chuma hicho hupoteza elektroni na kuanza kuyeyuka ndani ya tone. Elektroni hupita ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni na maji huzipokea. Vinavyozaliwa pande hizo mbili hukutana, huongezewa oksijeni, na kuwa ule unga mwekundu tunaoujua. Si lazima mvua inyeshe. Ukungu wa asubuhi kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori unatosha kuacha utando wa maji usioonekana kwa macho.

Sufuria ya alumini nayo hushambuliwa na oksijeni, ila oksidi yake hung'ang'ania juu ya sufuria na kuzuia hewa isiingie zaidi. Kutu ya chuma haina fadhila hiyo. Ina vitundu, hutanuka kuliko chuma kilicholiwa, kisha hubanduka na kuacha chuma kipya wazi. Ndiyo maana kutu iliyokwisha kuanza haikomi yenyewe.

Chumvi huzidisha mambo. Huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kloridi iliyomo huvunja utando mwembamba unaokinga chuma. Ushahidi mkubwa uko jirani, katika ziwa la Katwe. Kwa vizazi vingi watu wamevuna chumvi katika ziwa hilo kwa mikono. Katika miaka ya 1970 ukaanzishwa mradi wa kujenga kiwanda cha kisasa kwa utaalamu kutoka Ujerumani. Hakikudumu: maji makali ya chumvi yalikula mabomba yake, mitambo ikasimama, na wavunaji wakaendelea na njia yao ya zamani. Funzo lake ni kwamba chuma huchaguliwa kwa kuangalia maji kitakayokutana nayo. Kwa mwenye baiskeli anayebeba magunia ya chumvi, maana yake ni kuiosha kwa maji safi, kuikausha, na kuipaka mafuta kabla ya kuilaza.

Kinga iliyo juu ya nyumba zetu nyingi ni zinki. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya njia ya kufunika chuma kwa zinki mwaka 1837, na hadi leo chuma huchovywa katika zinki iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Zinki hufunika chuma, na zaidi ya hapo huliwa badala yake, kwa kuwa hutoa elektroni upesi zaidi. Hivyo mkwaruzo mdogo hauleti kutu mara moja. Lakini zinki huisha, na ikiisha bati hubaki bila mtetezi. Unaponunua, kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko 28. Uliza pia unene wa zinki, maana geji haikuambii hilo.

Fundi naye ana sehemu yake. Mabati yasiburutwe juu ya mawe, wala yasipangwe yakiwa yameloa, kwani maji yaliyonaswa katikati huotesha unga mweupe unaomaliza zinki. Misumari iwe ya kuezekea, iliyopakwa zinki, na waya wa shaba usigusane na bati. Shaba huharakisha kuliwa kwa zinki na chuma. Nondo nazo zifunikwe kwa zege lenye unene wa angalau sentimita 2 na nusu, na zaidi zikiwa ardhini. Zege zima hulinda nondo kwa ualikali wake. Lenye nyufa huingiza maji, nondo hutanuka kwa kutu, na nguzo hupasuka.

Doa likishatokea, usilifiche kwa rangi. Sugua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, futa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha rangi ya juu mara mbili. Jembe na panga vioshwe udongo, vikaushwe, vipakwe mafuta kidogo na kutundikwa mbali na sakafu.

Kabla ya mvua za Machi na zile za Septemba, kagua kingo zilizokatwa, vichwa vya misumari, na mahali majani yanaposhikilia maji juu ya paa. Hapo ndipo kutu huanzia. Likishughulikiwa mapema, doa hilo linahitaji msasa na rangi kidogo. Likiachwa misimu kadhaa, litadai bati jipya.