Chuo Kinatupima, Nasi Tukipime

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilinijia akilini siku nilipopanda ngazi za jengo moja la maduka hapa Kitengela, nikifuata tangazo la masomo ya uzamili katika usimamizi wa biashara.

Karani alinilaki kwa bashasha, kisha akanihoji. Shahada yangu ya kwanza ni ya daraja gani? Vyeti vi wapi? Nani watakaonidhamini? Sikumlaumu. Vyuo vyetu vingi hudai daraja la pili la juu, au la pili la chini pamoja na tajriba ya kazi ya miaka kadhaa.

Zamu yangu ilipowadia, niliomba kuonyeshwa maktaba. Nikafunguliwa chumba chenye rafu mbili, na vitabu vingi vilikuwa vya uhasibu wa shule za upili. “Mwalimu,” karani akaniambia, “siku hizi watu husomea kwenye simu.” Nikamshukuru, nikateremka.

Msomaji asidhani kwamba natamani majumba ya fahari. Katika elimu ya biashara, chumba ni sehemu ya somo. Harvard, iliyoanzisha shahada hii mwaka wa 1908, ilijipatia sifa kwa kufundisha kwa visa: wanafunzi huketi nusu duara, wakatazamana, wakajadili uamuzi uliomkabili meneja halisi. Strathmore Business School ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 2005, nayo hufuata mtindo huo. Mjadala kama huo hauwezi kustawi palipo na madawati yaliyosongamana na mhadhiri anayesoma madaftari ya kale.

Na visa tunavyo papa hapa. Mwaka wa 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kila mwaka, ili wasizungushe nyua na wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapate njia. Je, mfugaji angeyakataa vipi mamilioni ya dalali wa viwanja kwa ajili ya dola 4? Hilo ni swali la fedha, sheria na utu kwa pamoja. Lahitaji vitabu, takwimu na mwalimu aliyebobea.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 iliipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mamlaka ya kukagua. Mapema mwaka wa 2016, Tume iliagiza chuo kikuu kimoja cha umma kifunge matawi 10. Kwa bahati mbaya, mkaguzi alibisha hodi wakati karo ilikuwa imekwisha kulipwa.

Kajiado haikosi vyuo vyenye hati kamili ya serikali. Huko Ongata Rongai, Africa Nazarene kiliipata mwaka wa 2002, na Adventist University of Africa, kilichoundwa kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamifu, mwaka wa 2013. Lakini hata hati isitufumbe macho.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, kabla hamjalipa hata shilingi moja, ombeni kuiona maktaba. Ulizeni ni nani atakayesimamia tasnifu zenu, na anasimamia wangapi wengine. Chuo kina haki ya kudai vyeti vyetu. Nasi tuna haki ya kudai vyake.