Tuyaamini Mawazo Yetu: Funzo Kutoka Ngitili za Shinyanga



Tunapokutana na kamati za sharika kuandaa maombi ya miradi, swali la kwanza mara nyingi huwa hili: "Mratibu, wafadhili wanataka nini mwaka huu?" Ni mara chache mtu husema, "Sisi tumeona hivi, na tunadhani hiki kitafaa." Wazo analo, lakini hukaa kimya kwa kuwa hakusoma sana, au anaogopa kuchekwa. Hivyo tunaandika mradi wa watu wengine, fedha zinakuja, na mradi unakufa mfadhili anapoondoka. Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini mawazo hayo yaaminiwe, na namna ya kuyapima.

Wazee walibuni nini?

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Tangu zamani Wasukuma walitenga sehemu ya ardhi wakaiita ngitili. Mvua zinapoanza, mifugo hairuhusiwi kuingia humo. Majani hukua, visiki huchipua, na kiangazi kinapokuwa kikali, kwenye mwezi wa Julai au Agosti, ngitili hufunguliwa ili mifugo ipate malisho. Wazee hawakufundishwa jambo hili katika semina. Waliangalia nchi yao, wakabuni, wakajaribu.

Baadaye ngitili nyingi zilipotea. Enzi za ukoloni miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yakaongezeka, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Maeneo mengi yakabaki tupu, na akina mama wakapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa kukosa kuni.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mwanzoni mkazo mkubwa ulikuwa kwenye vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na wananchi hawakuipokea sana. Wataalamu walipowasikiliza wanavijiji, ngitili zikapewa nafasi. Mwaka huo wa 1986 ngitili zilizofahamika zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Programu ilipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo. Malisho, kuni, nguzo, asali na dawa za miti shamba vilirudi. Jibu lilikuwa kwa wananchi muda wote. Lililokosekana ni kuaminiwa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Si kila hisia ni ya kuaminiwa

Wazo la moyoni mara nyingi ni mambo ambayo mtu ameyaona kwa miaka mingi bila kuyaandika. Lakini hofu nayo husema kwa sauti ya moyoni. Katika eneo letu bibi vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yaliharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni, ukiwemo ule wa kinyesi cha ng'ombe. Waliowashuku walijiona wana hakika kabisa.

Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wachimbaji wadogo wa ukanda wa dhahabu wa Geita. Wapo wanaoutambua mwamba kwa kuutazama tu, na ujuzi huo tunauheshimu. Lakini mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Anayechoma dhahabu karibu na watoto hawezi kuihisi hatari hiyo; hapo lazima amsikilize mtaalamu.

Maswali manne kwa kamati

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba mambo yote yapimwe, na lililo jema lishikwe. Mwanakamati akileta wazo, tusilikatae wala tusilipitishe siku hiyo hiyo. Tujiulize:

1. Je, linatokana na jambo tuliloliona wenyewe kwa muda, au ni uvumi na hofu?
2. Je, kuna mtu atakayeumia likikosea?
3. Je, tunaweza kulijaribu kwa udogo kwanza, mfano robo eka au kaya tano, kwa msimu mmoja?
4. Je, tuko tayari kupokea masahihisho ya mtaalamu, na kuandika ukweli hata tukishindwa?

Wazo likipita hapo, liandikwe kwenye maombi kwa maneno yenu wenyewe, hata kama halifanani na miradi mnayoifahamu.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu wa kutoa. Ombi letu ni kwamba sehemu ndogo ya fedha itengwe kwa ajili ya majaribio ya sharika, na kwamba jaribio lililoshindwa likiletewa taarifa ya kweli lihesabiwe kuwa somo. Kamati inayojua kuwa itaadhibiwa ikikosea haitabuni kitu. Itaendelea kuuliza mnataka nini.

Katika mfano wa talanta, mtumwa wa tatu hakuiba wala hakupoteza chochote. Aliogopa, akafukia. Tuangalie sharika zetu: ni talanta ngapi zimefukiwa kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenye nazo, "Sema, tunakusikiliza"?

Mungu awabariki.