Wati za Kwenye Boksi: Soko la Taa za Nje Kariakoo

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, taa ya sola ya ukutani huuzwa kwa wati zake. Boksi moja limeandikwa 100, la pembeni 200, la rafu ya juu 500, na bei hupanda kwa kufuata namba hizo. Mwenye nyumba wa Goba au Kigamboni anayetaka kuangaza kibaraza chake huchukua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu.

Hesabu haikubaliani na boksi. Jua kali la mchana hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 tu kuwa umeme. Paneli ya sentimita 35 kwa 25 basi haiwezi kuvuka wati 18, hata ikiwa imeunganishwa na taa iliyoandikwa 200. Betri nayo, ikiwa ya volti 3.2 na ampea-saa 10, inahifadhi wati-saa 32. Taa ya wati 200 za kweli ingeimaliza kabla ya dakika 10. Kama inawaka kuanzia magharibi hadi alfajiri, ujue wastani wake haufiki wati 3.

Wati 3 za LED si kitu cha kudharau. Zinaonyesha ngazi na kitasa cha mlango vizuri tu. Tatizo ni la kibiashara: mwagizaji anayeandika 3 kwenye boksi lake ataonekana analeta takataka, hivyo namba hupanda kila kontena jipya linapofunguliwa. Kipimo cha kuulizia ni lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaotoka. Globu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, na LED ya wati 9 hutoa kiasi hicho hicho. Kwa kibaraza cha kukalia watu sita, lumeni hizo zinatosha.

Na umeme wa TANESCO? Watu huikimbilia sola wakiogopa LUKU, lakini taa ya wati 10 ikiwaka saa 12 kila usiku hula uniti 3.6 kwa mwezi. Kwa uniti ya takriban shilingi 350, haifiki shilingi 1,300. Sola inajilipa kwingine: kwenye geti lililo mbali na nyumba, ambako kuchimba mtaro, kununua waya na kumlipa fundi mwenye leseni ya EWURA kunazidi bei ya taa yenyewe, na siku umeme unapokatika.

Rangi ya mwanga hupuuzwa zaidi ya yote. Soko limejaa taa nyeupe za kelvini 6,500, kwa kuwa dukani huonekana kali. Barazani humfanya mgeni akunje uso, na huita wadudu wengi kuliko mwanga wa njano wa kelvini 2,700 hadi 3,000. Wategaji wa senene wa Masaka, Uganda, wanalijua hilo kibiashara: huwasha taa nyeupe kali mbele ya mabati ili senene waje wenyewe. Mwenye nyumba anataka kinyume chake, hasa masika, kumbikumbi wanapotoka. Aweke taa ya njano chini ya upenu ikitazama chini, na ile kali, kama ni lazima, aisogeze ukutani mbali na viti, iwake kwa sensa mtu anapopita.

Kisha angalia alama ya IP, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji: chini ya paa IP44 inatosha. Panaponyesha moja kwa moja tafuta IP65, ambapo 6 inamaanisha vumbi haliingii na 5 kwamba taa inahimili maji ya kurushwa kwa mpira. Msasani, Bagamoyo au Nungwi alama hizo hazikuokoi na chumvi. Kagua skrubu na mabano, kwani chuma cha kawaida huanza kutoa kutu mapema. Mabano ya alumini na skrubu za chuma kisichoshika kutu hugharimu zaidi, na huko pwani ningelipa bila kubisha bei.

La mwisho la kuuliza dukani ni betri, maana ndiyo inayochoka kwanza. Taa iliyogandishwa kwa gundi huishia jalalani pamoja na paneli yake nzima. Iliyofungwa kwa skrubu hufunguliwa, ikawekwa betri nyingine, na kurudishwa ukutani, kazi ambayo mafundi wa simu na redio tayari wanaiweza.