Mapishi ya kupunguza uzani niliyatafuta ng'ambo, kumbe yako kwa mama mboga

Januari nilienda kliniki ya mtaani kutafuta dawa ya kikohozi. Nesi akanifunga ile mashine ya presha mkononi, akaangalia, akanifunga tena. 150 kwa 98. Akaniuliza umri, nikamwambia 25. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, hebu panda mizani."

Kilo 97. Na mimi si mrefu.

Sasa elewa kitu kimoja. Babangu alifariki kwa kiharusi nikiwa kidato cha pili. Nilipokosa karo chuoni nikaacha masomo, na tangu hapo kazi yangu ni ya kukaa: naandika kitandani, chumba kimoja Kahawa West, na kibanda cha chapati kiko hatua chache kutoka mlangoni. Kwa hivyo nesi aliposema, "Punguza wanga, punguza mafuta na chumvi, urudi baada ya mwezi," sikucheka.

Usiku huo nikaingia mtandaoni kutafuta mapishi. Wasee, niliyoyaona! Mkate wa unga wa lozi. Wali wa koliflawa. Samaki wa salmon kwa mafuta ya zeituni. Kesho yake nikaenda supamaketi, nikatoka na kifuko kidogo cha unga wa lozi, koliflawa moja na kichupa cha zeituni. Pesa ya stima na ya maji ikaishia hapo. Mkate wenyewe ukatoka kama tofali. Kufikia Jumatano unga umeisha, nikabaki na mayai mawili na chai ya rangi kwa siku. Ijumaa nikaona nyota ndani ya matatu pale Roysambu. Makanga alidhani nimelewa asubuhi asubuhi.

Mama aliponipigia jioni nikamwambia ukweli. Aliniskiza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mtu wa kwenye simu anajua bei ya nyanya Githurai?"

Sikuwa na jibu. Nikashuka kwa mama mboga, nikamuuliza ana nini cha mtu anayetaka kupungua. Akanitazama kama mtu aliyengojea swali hilo mwaka mzima. "Kijana wangu, managu na terere nawauzia watu wa sukari kila jioni. Wewe hununua viazi tu."

Hapo ndipo nilianza kupiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Unga wa mahindi gramu 100 una karibu kalori 360. Mimi pakiti ya kilo 2 ilikuwa inanitosha milo minane. Yaani gramu 250 kwa sahani moja, karibu kalori 900, kabla sijagusa mboga!

Halafu nikapima mafuta. Kawaida mimi humwaga tu kutoka kwa mtungi. Siku hiyo nikamwaga vilevile, lakini kwa bakuli, kisha nikapima kwa kijiko kikubwa. Vijiko vinne. Kijiko kimoja kina karibu kalori 120, kwa hivyo sukuma wiki yangu, ile niliyojisifia kwamba ni chakula cha afya, ilikuwa inabeba kalori 480 za mafuta peke yake. Nikipika kwa kijiko kimoja naokoa kalori 360, sawasawa na gramu 100 za unga. Na ladha? Haikwenda popote.

Kuna kitu kingine nilipata ambacho natamani ningekijua mapema. Mwaka 2018 serikali ya Kenya na shirika la FAO walitoa kitabu cha mapishi ya Kenya, vyakula vyetu hivi hivi, kila pishi na virutubisho vyake. Kiko mtandaoni bure. Mimi nilikuwa nalipia lozi.

Haya, pishi langu la wiki ni hili. Chukua omena kikombe kimoja, osha kwa maji moto mara mbili tatu mchanga uishe. Kausha kwenye sufuria bila mafuta mpaka zianze kulia. Weka kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya mbili, hoho na dania. Kamulia ndimu mwishoni, na achana na vile viungo vya pakiti, vimejaa chumvi. Kando yake, managu yaliyochemshwa, umwagie maziwa kidogo kupunguza uchungu. Ugali upo, lakini saizi ya ngumi yako, si ya ngumi ya bondia.

Siku ya kukosa omena, kata kabichi nyembamba kama tambi, igeuze motoni dakika tatu tu, uvunjie mayai mawili juu. Hiyo ndiyo chapati yangu siku hizi. Usicheke, jaribu kwanza.

Lakini usidanganywe na mambo mawili. Kwanza, wanga kidogo si lazima kalori kidogo. Parachichi na njugu karanga hazina wanga mwingi, ila mafuta yake ni mengi. Ukila karanga huku ukitazama mpira, unaweza kumaliza mlo mzima bila kujua. Nduma na viazi vitamu navyo ni wanga, hata kama watu husema ni vya dayati. Pili, wiki ya kwanza ukipunguza wanga utashuka haraka na utajiona shujaa. Mengi ya hayo ni maji. Usikate tamaa yakipungua mwendo.

Na kama unatumia dawa za kisukari au sindano ya insulini, ongea na daktari wako kabla ya kupunguza wanga. Sukari inaweza kushuka ghafla, na hiyo si kuona nyota tu kama mimi.

Sasa ni miezi mitano. Niko kilo 89. Presha ya mwisho ilikuwa 134 kwa 86, na nesi amesema bado tunaendelea kuipima. Sijawa mwembamba. Shati la harusi ya binamu bado halifungi kifungo cha chini.

Ila Jumapili iliyopita nilienda nyumbani nikampikia mama omena na managu. Yeye pia anameza dawa za presha tangu baba aondoke. Alikula akamaliza, akachukua mtungi wa mafuta, akauweka juu ya kabati, akaacha kijiko mezani.

"Uniandikie hiyo ya kabichi," akasema.