Simu mikononi mwa wanafunzi (2): Usalama wa bweni

Juma lililopita tuliitazama simu upande wa masomo. Tuliona kwamba utafiti wa Louis-Philippe Beland na Richard Murphy katika shule 91 za Uingereza, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta alama zikipanda baada ya shule kuzuia simu, na waliofaidika zaidi walikuwa wale waliokuwa wakishika mkia darasani. Hapo sina ubishi na walimu wetu. Leo nageukia hoja nyingine, nzito kuliko alama: kwamba simu mkononi mwa mwanafunzi inahatarisha usalama wa shule yenyewe.

Mfano wa karibu ni Kiwanja. Mwanzoni mwa Oktoba 2019 mabweni mawili ya Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya mkoani Mbeya, yaliteketea kwa moto. Ilielezwa kuwa wanafunzi walikuwa wamekamatwa na simu kinyume cha sheria za shule, na kwamba moto ulikuwa jibu lao. Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Albert Chalamila, alifika shuleni akawachapa viboko wanafunzi 14 mbele ya wenzao, na video ikasambaa nchi nzima. Wapo waliokumbusha kwamba kanuni zinampa fimbo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha, na viboko havizidi vinne. Rais John Magufuli akampongeza mkuu wa mkoa hadharani. Basi mjadala ukaishia kwenye viboko: vilistahili au havikustahili? Swali lililonishughulisha mimi, na linalonishughulisha hadi leo, ni jingine. Ilikuwaje kunyang'anywa simu kukamfikisha kijana wa kidato cha tano au cha sita mahali pa kuchoma chumba anacholala?

Turudi nyuma hadi siku mtoto anapopokea fomu ya kujiunga na shule. Kila mzazi wa bweni anaijua karatasi ile: godoro, ndoo, jembe na mpini wake, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Kurasa za mwisho zinaorodhesha makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi. Humo kuna wizi, ulevi, kupigana, kugoma na kuchochea mgomo, na katika shule nyingi kumo pia kukutwa na simu ya mkononi. Mtoto aliyeficha kitochi ili amsalimie mama yake Jumapili amewekwa safu moja na mtoto aliyeongoza mgomo. Jambo hili hunisumbua kila ninapoisoma fomu kama hiyo. Adhabu ikiwa ileile kwa dogo na kwa kubwa, aliyekamatwa na dogo hana tena sababu ya kuliogopa kubwa. Anajiona ameshafukuzwa, na wenzake wenye simu chini ya magodoro wanajua kuwa zamu yao inakuja.

Hata hivyo tusiibebeshe simu mzigo usio wake. Mwaka 1994 wasichana 43 walikufa bwenini Shauritanga, Rombo, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 1998 wasichana zaidi ya 20 waliangamia Bombolulu, katika pwani ya Kenya. Machi 2001 wavulana 67 waliungua Kyanguli, Machakos, baada ya petroli kumwagwa bwenini usiku. Simu ya mkononi miaka hiyo ilikuwa mali ya wafanyabiashara na wakubwa. Mwanafunzi wa bweni hakuwa nayo. Kyanguli kulikuwa na manung'uniko ya muda mrefu, yakiwamo matokeo ya mtihani wa taifa yaliyofutwa kwa madai ya udanganyifu, na wanafunzi hawakuona kama kuna mtu anayewasikiliza. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na nondo.

Kitu ambacho simu imekiongeza ni kasi. Zamani habari ya mgomo wa shule jirani ilifika na basi la michezo au barua ya rafiki, ikachukua siku kadhaa, na katikati ya siku hizo mwalimu mkuu makini aliweza kunusa jambo na kuita baraza. Sasa kitochi kimoja kilichofichwa kwenye mkate uliochimbwa ndani kinatosha bweni zima kujua usiku uleule kwamba shule fulani wamerudishwa nyumbani. Mwaka 2008 migomo ilivuma Kenya ikagusa shule zaidi ya 200 katika muda mfupi, na Waziri wa Elimu Sam Ongeri akapiga marufuku simu shuleni. Walimu walioitetea marufuku ile walikuwa na haki. Uvumi ukiingia bwenini saa nne za usiku, mwalimu wa zamu akiwa mmoja na wanafunzi mia tatu, hakuna anayeweza kuukanusha kabla haujafanya kazi yake.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 za Kenya zilichomwa, nyingi katika muhula wa pili, ule mrefu wenye mitihani ya moko. Marufuku ilikuwa na umri wa miaka minane. Simu zilikuwa zimezuiwa kwenye karatasi, zikaendelea kuishi darini, ndani ya magodoro, kwenye pakiti za taulo za kike na ardhini ndani ya mifuko ya nailoni. Na manung'uniko yaliyokuwapo kabla ya simu yalikuwa palepale.

Hapa kuna hatari moja ambayo haizungumzwi vya kutosha, nami nataka tuikalie kidogo. Simu iliyofichwa lazima ichajiwe, na bweni la shule nyingi halina soketi, au lina soketi zilizozibwa makusudi. Mwanafunzi afanyeje? Anapanda kitanda cha juu, anasukuma ubao wa dari, anatafuta waya wa taa, anauchuna kwa wembe na kuunganisha nyaya mbili nyembamba alizotoa kwenye chaja iliyokufa. Simu inalala humo darini usiku kucha juu ya vumbi, mbao kavu na matundu ya panya. Wengine hutoboa kishikio cha taa. Wengine huchomeka nyaya tupu kwenye soketi ya maabara na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Chini ya haya yote yamepangwa magodoro ya sponji, na sponji inapoungua hutoa moshi mzito wenye kaboni monoksidi na sianidi. Mtoto aliyelala huweza kupoteza fahamu kabla ya ndimi za moto kumfikia.

Tumeshaona sura nyingine ya jambo hilihili. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika bweni la Sekondari ya Idodi, Iringa, na chanzo kilichoelezwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea baada ya taa kuzimwa. Mtu hawezi kumlaumu msichana kwa kutaka kusoma. Hitaji likizuiwa bila kupewa njia ya halali hujitafutia njia gizani, na gizani hakuna mtu mzima wa kusema "hapo utaunguza watu."

Kwa hiyo ninapomsikia mkuu wa shule akisema amezuia simu kwa ajili ya usalama, hukubaliana naye kisha nikamwuliza kuhusu mlango. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 uko wazi: mlango wa bweni uwe na upana wa angalau futi tano, ufungukie nje, usifungwe kwa kufuli wakati wanafunzi wamo ndani, madirisha yasiwe na nondo, kitanda na kitanda viachane mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2. Maagizo haya yaliandikwa kutokana na vifo. Bado Septemba 2017 wasichana 10 walikufa shule ya Moi jijini Nairobi, Septemba 2020 watoto 10 wakafa Byamungu wilayani Kyerwa, na Septemba 2024 watoto 21 wakafa Hillside Endarasha, Nyeri. Bweni lenye mlango mmoja na nondo madirishani ni hatari hata kama hakuna simu moja ndani yake.

Wazazi nao wana hoja yao, na ningependa walimu waisikilize kwa heshima. Mama aliyempeleka binti umbali wa siku nzima kwa basi anataka kujua kama homa imeshuka. Anapompa kitochi kwa siri hafanyi uasi. Anaziba pengo ambalo shule imeliacha. Pengo hilo si letu peke yetu. Jiji la New York lilianza kukaza marufuku ya simu mwaka 2006, chini ya Meya Michael Bloomberg, wazazi wakapinga kwa sababu hiyohiyo ya usalama: mtoto atanipataje? Wanafunzi wa shule zenye mashine za kukagua chuma wakawa wanaacha simu zao kwenye magari na maduka ya nje ya shule kwa dola moja kwa siku, na walioumia zaidi ni watoto wa maskini, maana shule zao ndizo zilizokuwa na mashine. Mwaka 2015 Meya Bill de Blasio akaiondoa marufuku.

Kisha Septemba 2025 marufuku ikarudi, safari hii kwa sheria ya jimbo zima iliyotiwa saini na Gavana Kathy Hochul, kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya mwisho. Tofauti iko kwenye vifungu viwili. Kila shule inatakiwa kuwapa wazazi njia ya kumfikia mtoto anapohitajika, na mwanafunzi hasimamishwi shule kwa kosa la kutumia simu pekee. Nchi ile ina hofu ambayo sisi, kwa rehema ya Mungu, hatuna kwa kiwango chao: mtu mwenye bunduki kuingia darasani. Hata katika hofu hiyo, wapo wataalamu wao wa usalama wanaosema simu mikononi mwa watoto huzidisha hatari. Mlio mmoja huonyesha walipojificha, macho yanayotazama kioo hayamtazami mwalimu anayeelekeza, na mamia wanaopiga kwa pamoja huziba mtandao ambao waokoaji wanauhitaji. Mzazi anayedhani simu ni ngao ya mtoto wake alifikirie hilo.

Mimi nasimama upande wa kuzuia. Lakini nataka izuiwe kwa namna ambayo shule inachukua kazi iliyokuwa ikifanywa na simu. Baadhi ya shule za bweni zimeshaanza. Simu ya ukutani inafungwa karibu na ofisi ya mlezi, mwanafunzi ana kadi yenye salio, na namba anazoweza kupiga ni zile tu ambazo mzazi alizisajili mwanzoni mwa mwaka. Hakuna intaneti wala picha. Jumamosi alasiri foleni huwa ndefu, kila mmoja ana dakika zake chache, na matroni anakaa umbali wa kumwona mtoto bila kusikia anachosema. Umbali huo ni wa lazima. Mtoto anayetaka kumwambia baba kwamba kuna mkubwa anamnyanyasa hawezi kuyasema simu ikiwa kwenye spika mezani kwa mwalimu. Kwa shule isiyoweza kununua kifaa hicho, vitochi viwili vya shule, daftari la zamu na saa zilizotangazwa vinatosha kuanzia. Vinagharimu kidogo mno ukilinganisha na paa la bweni.

Lipo pia suala la namna ya kunyang'anya. Msako wa saa nane za usiku, matranka yakipinduliwa na viranja wakipekua nguo za ndani za wenzao, unapata simu kumi na kuacha chuki kwa mamia. Simu inayovunjwa kwa nyundo paredi, mbele ya shule nzima, huenda ni ya mjomba, au imenunuliwa kwa mkopo wa kikoba. Mwanafunzi analiona jasho la nyumbani kwao likisagwa. Utaratibu wa heshima haulegezi nidhamu hata kidogo: siku ya kufungua shule kuwe na meza ya kusalimisha simu bila adhabu, simu itakayokamatwa baadaye iandikwe kwenye daftari kwa aina, rangi na jina la mwenyewe, iwekwe kabatini, na mzazi aichukue kwa saini mwisho wa muhula. Ukaguzi ufanywe mchana, na mtu mzima wa jinsia ileile. Kosa la kwanza liwe na adhabu yake, la pili lizidi, na kufukuzwa kubaki kwa yule aliyetumia simu kudhuru watu, kama anayesambaza picha chafu za mwenzake au anayepanga uharibifu. Na baraza la wanafunzi likutane kweli, mkuu wa shule akiwepo, majibu yatolewe siku inayojulikana, hata jibu likiwa hapana.

Limebaki jambo moja ambalo mzazi yeyote ana haki ya kuliuliza siku ya kikao, hasa kama amekubali mtoto wake asiwe na simu. Usiku wa manane, moto ukitokea, nani anapiga? Mwalimu wa zamu na mlinzi kila mmoja awe na simu ya shule iliyochajiwa na yenye salio. Ukutani pawe na namba za zahanati, za polisi, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Orodha ya waliolala kila bweni ikaguliwe jioni na nakala yake ibaki nje ya bweni, ili watoto wakikusanyika uwanjani wahesabiwe kwa majina. Na ufunguo wa mlango wa dharura, kama kuna mtu bado anaufunga, ujulikane uko kwa nani.

(Itaendelea: simu na vyumba vya mitihani.)