Waranti Haijui Njia ya Kamsamba

Pikipiki mpya ikinunuliwa Tunduma, ufunguo humwendea dereva na karatasi humwendea tajiri, yaani mwenye pikipiki. Kadi ya usajili, bima, risiti na kile kitabu kidogo cha sevisi huingia kwenye bahasha, na bahasha huingia kabatini. Ndio utaratibu wa mkataba: dereva analeta hesabu, yaani fedha walizokubaliana, kila siku au kila wiki kwa mwaka mmoja na zaidi, na akimaliza ndipo anakabidhiwa kadi. Mpaka siku hiyo, anayejua pikipiki inalia wapi hana kitabu, na mwenye kitabu hajawahi kuisikia ikilia.

Naanzia hapo kwa sababu swali la kama mtu aihudumie pikipiki yake mwenyewe au airudishe kwa wakala aliyeiuza huulizwa kana kwamba mwulizaji ana pikipiki yake, muda wake na kitabu chake. Watu wa namna hiyo wapo katika Mkoa wa Songwe: walimu, maafisa ugani, watumishi wa zahanati, wakulima wa kahawa wa Mbozi ambao msimu uliwakubali. Lakini kati ya Mpemba na geti la kuingilia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, pikipiki ni chombo cha kazi, na aliyeikalia ni kijana ambaye viongozi wetu siku hizi humwita afisa usafirishaji, cheo kizuri kisicho na mshahara wala likizo. Kwake waranti ina hesabu nyingine kabisa.

Chukua mfano wa waranti ya miezi 12 au kilomita 12,000, kipi kitangulie. Aliyeyaandika maneno hayo alikuwa akimfikiria mtu anayekwenda ofisini asubuhi na kurudi jioni, Jumapili akaenda kanisani. Dereva wa bodaboda akitembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafikisha kilomita 2,600 kila mwezi, na waranti yake inakwisha kabla mwezi wa tano haujatimia. Mkataba wake na tajiri bado una nusu mwaka mbele, au zaidi. Kwa maneno mengine, waranti inaishi na kufa ikiwa mali ya tajiri. Siku dereva anapokabidhiwa kadi na kupongezwa kijiweni, anarithi pikipiki ambayo kiwanda kilishaisahau.

Sevisi ya kwanza nayo, kwa pikipiki nyingi za aina ya Boxer au TVS zinazotoka India, hupangwa karibu na kilomita 500. Kwa dereva wetu hiyo ni siku ya tano. Bado anatafuta wateja wa kudumu, hesabu ya wiki ya kwanza haijatimia, na tayari anatakiwa aisimamishe pikipiki ili ikagongewe muhuri. Wakala akiwa na karakana hapohapo mjini, ni saa mbili za kazi zimepotea. Karakana ikiwa Mbeya, ni takribani kilomita 100 kwenda na nyingine 100 kurudi, katikati ya malori ya barabara ya TANZAM. Sevisi ya kilomita 500 inaifikisha pikipiki kilomita 700 kabla haijarudi nyumbani. Na ile inayoitwa ya bure, mara nyingi bure yake ni ufundi tu, oili unanunua.

Ndiyo maana wengi hawaendi. Wanamwaga oili wenyewe, au kwa fundi wa jirani, na kazi inaendelea. Siwalaumu, ila nadhani wanapoteza kitu ambacho hawajakihesabu vizuri.

Waranti, ukiisoma taratibu, haigusi karibu kila kitu kinachoharibika Songwe. Cheni na sproketi, tairi, breki, plagi, taa, nyaya za klachi na aksereta: hivi vyote kwa kawaida huandikwa kuwa ni vitu vya kulika kwa matumizi, kwa hiyo ni vyako. Kinachobaki ni moyo wa chombo: kasha la injini lililomiminwa vibaya, gia yenye dosari, krankshafti inayogonga. Haya hutokea kwa nadra, na yakitokea ndiyo yanayommaliza mtu. Hapo mgawanyo wa kazi unajichora wenyewe: muhuri wa wakala unalinda injini, na injini tu, vingine ni vya mwenye kuiendesha, waranti iwepo isiwepo.

Kisha kuna masharti. Waranti nyingi hazimtambui mshikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, achilia mbali magunia ya mpunga kutoka Kamsamba. Baadhi zinakataa wazi pikipiki ya kukodishwa au ya biashara, na sentensi hiyo ndiyo ya kuitafuta kabla ya kutoa hela. Wakala mmoja anaweza kuwa anauza pikipiki kwa tangazo lenye picha ya abiria na mzigo huku kitabu chake kikikataa abiria na mzigo. Halafu yale marekebisho ya wiki ya kwanza: keria inachomelewa, shokapu zinaongezewa springi, waya wa taa unakatwa ili redio ipate umeme. Kila kimoja kina maana yake barabarani. Kila kimoja pia kinampa wakala sababu ya kutikisa kichwa.

Sasa tumtazame fundi. Gereji bubu za Tunduma, zile zisizo na kibao wala leseni, zina elimu ambayo kitabu cha kiwanda hakina. Fundi wa hapa anajua kwamba pikipiki moja hushuka hadi Bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na jioni ikapanda hadi uwanda wa Mbozi, karibu mita 1,500. Juu huko hewa ni nyepesi, petroli inazidi kabureta ikiwa imesetiwa kwa kule chini, na plagi inatoka nyeusi kama imepikiwa. Anajua vumbi la kiangazi kwenye njia za Momba linavyoziba filta ya hewa mapema kuliko ratiba ya kitabu, na likipenya linakula ringi na silinda mpaka pikipiki ianze kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Kitabu chenyewe husema kwa herufi ndogo kwamba kwenye vumbi filta isafishwe mara nyingi zaidi. Herufi ndogo hizo ndizo hali ya kawaida ya Momba kuanzia Juni hadi mvua za Novemba.

Lakini gereji bubu ina madhambi yake, na madhambi mengine ni ya dereva mwenyewe anayejifunza kwa kutazama. Lililo baya kuliko yote ni oili. Injini ya pikipiki hizi hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi. Sahani za klachi zimelala ndani ya oili hiyohiyo. Oili nyingi za magari madogo zina viambato vya kupunguza msuguano, kitu kizuri kwenye gari na kibaya kwenye klachi inayohitaji msuguano ili ishike. Ukiiweka, pikipiki inanguruma kwa nguvu na kwenda polepole, hasa kwenye kilima cha kupanda Ileje ukiwa na abiria. Cha kutafuta kwenye chupa si rangi wala picha ya pikipiki bali alama ya JASO MA, kiwango cha Wajapani kilichotungwa kwa klachi za namna hii, pamoja na uzito ambao kitabu kimeutaja, mara nyingi 20W-50. Oili ya kupima kutoka kwenye dumu haina alama yoyote. Inawezekana ni nzuri. Hakuna wa kumwuliza.

La pili ni nguvu. Boliti ya kumwagia oili huingia kwenye aluminiamu, na kijana mwenye spana ndefu na nia njema huikaza mpaka meno yaliwe. Kuanzia hapo inazibwa kwa utepe, kwa sabuni, kwa sala. Uharibifu huu hauna waranti popote duniani. La tatu ni kupaka cheni oili chafu iliyomwagwa kwenye injini. Inaonekana kama uchumi, ila oili ile imebeba unga wa chuma na kaboni, na vumbi likiungana nayo cheni inasagwa mchana kutwa. Oili safi kidogo, baada ya cheni kupigwa brashi na mafuta ya taa, ni kazi ya dakika 10 ambayo haihitaji fundi wala wakala. Ulegevu wa cheni vilevile: kitabu hutaja kipimo chake, kwa kawaida sentimita 2 hadi 3 katikati, na rula ya mtoto wa shule inatosha kuupima.

Kuseti valvu ni habari nyingine. Nafasi inayotakiwa ni sehemu ndogo sana za milimita, kama 0.05 upande wa kuingiza na 0.10 upande wa kutoa kwa baadhi ya Boxer, na inapimwa injini ikiwa imepoa. Wapo mafundi wanaotumia wembe badala ya geji. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nilicheka, mpaka nilipojua kwamba wembe wa kawaida wa kunyolea una unene wa takribani milimita 0.1. Fundi hakukosea upande wa kutoa. Upande wa kuingiza ndiko anakokisia, na injini yenye valvu iliyobanwa haipigi kelele. Inakaa kimya, ikiungua polepole. Kazi hii, katika miezi ile minne ya waranti, ningemwachia wakala hata kama ni mbali, kwa sababu ni injini, na injini ndiyo peke yake anayoidhamini.

Spea zinastahili maneno machache tu. Mji wa mpakani haukosi kitu, na kwa sababu hiyohiyo haukosi feki. Ndani ya waranti, kifaa feki kilichofungwa kwenye injini ni zawadi kwa wakala. Nje ya waranti ni hasara yako peke yako.

Tuje kwenye sheria, maana watu wengi huichukulia waranti kama hisani. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inamkataza mtoa waranti kumlazimisha mnunuzi atumie fundi au spea za nembo fulani, isipokuwa akizitoa bure au akipata kibali maalumu. Umoja wa Ulaya nao una kanuni maalumu za ushindani katika matengenezo ya magari, za mwaka 2010, zilizochukua nafasi ya zile za 2002, ila zinafafanua gari kuwa chombo chenye magurudumu matatu au zaidi. Pikipiki imeachwa nje kwa kukosa gurudumu moja. Bajaji ingeingia.

Kwetu kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa matumizi ambayo mnunuzi amemweleza, pale mnunuzi anapotegemea ujuzi wa muuzaji. Haki hiyo haitoki kwenye kitabu cha sevisi, na ndiyo faida yake. Lakini sheria ina mlango wa kutokea: kitu kikinunuliwa kwa kutajwa jina lake la kibiashara, muuzaji anaweza kujitetea kwamba mnunuzi alijichagulia mwenyewe. Na Tunduma nani anaingia dukani kuomba chombo kinachofaa kubeba abiria mpaka Kamsamba? Anaomba Boxer. Ni busara basi kumweleza muuzaji kazi yenyewe, na kuomba aiandike kwenye hati ya mauzo: pikipiki ya biashara ya abiria, njia ya vumbi. Akikataa kuandika, umeshajua waranti ile ina thamani gani. Ipo pia Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha. Lile tangazo lenye abiria na mzigo ni ushahidi wa kutunzwa.

Ushahidi ndio unaokosekana, kuliko ufundi. Fundi wa gereji bubu anaweza kuwa amemwaga oili sahihi, kwa kilomita sahihi, kwa mikono safi kuliko ya karakana ya wakala, na bado mbele ya meza ya madai kazi yake haipo. Hatoi risiti ya mashine, hana muhuri, na jina lake la kijiweni halisomeki kwenye fomu. Tajiri naye, aliyefungia kitabu kabatini, anashangaa dai lake linapokataliwa kwa sababu kuponi ya sevisi ya pili haijagongwa muhuri, halafu anamdai dereva gharama za injini. Ugomvi wa namna hiyo ungepungua kama mkataba ungeandika mambo mawili: nani analipia sevisi za kipindi cha waranti, na kwamba siku ya kuipeleka kwa wakala haina hesabu. Tajiri anayeona siku hiyo moja ni hasara hajaulizia bei ya krankshafti.

Kwa kazi zinazofanyika nje ya karakana, daftari la shule linatosha: tarehe, kilomita, aina ya oili, jina na saini ya fundi, risiti ya dukani ikiwa imebanwa pembeni, na picha ya dashibodi kwenye simu ikionyesha kilomita siku ileile. Wakala anaweza kulikataa daftari hilo, na baadhi watalikataa. Lakini atalazimika kusema ni kazi ipi iliyoharibu injini na kwa namna gani, badala ya kusema tu kwamba hajui pikipiki ilikuwa wapi.